Hata Uchafu Una Ukoo

Jumanne alikuja na leso yenye mafundo mawili,
Eliaichi, wa kutoka Mamba,
akakaa kwenye kiti cha wateja wa saa
bila kuvua koti la mvua.
Nje, Mbuyuni, mtu alikuwa ananadi mitumba kwa sauti iliyokauka.
"Ulisema chochote cha Mjerumani."
Akalifungua fundo la kwanza kwa meno.

Iling'aa.
Kabla sijabana lenzi jichoni nilijua,
moyo ukashuka kama ndoo iliyokatika kamba.
Heller ishirini, shaba ya njano,
neno lile lile tuliloligeuza hela na kubaki nalo
wenyewe walipoondoka.
Taji, D.O.A., kumi na tisa kumi na sita:
mwaka ambao meli hazikufika
na pesa ikafuliwa Tabora, karakanani,
kwa mikono yenye haraka.
Ndiyo maana chini yake ipo T.
Berlini waliweka A. Hamburg, J.
Herufi kama punje ya ulezi,
lakini ndiyo inayosema
kitovu cha sarafu kilizikwa wapi.

"T ipo?"
"Ipo."
"Mwanangu alinionya, yenye T usiitoe rahisi."
"Alikuonya vizuri."

Nikaigeuza chini ya taa.
Mikwaruzo, mamia, yote ikizunguka upande mmoja
kama ua lililofagiliwa alfajiri.
"Uliisugua na nini?"
Akatabasamu kama mtu aliyesifiwa sufuria zake:
majivu ya migomba, limau, stilwaya,
usiku kucha,
maana ni aibu kushuka mjini na kitu kichafu.

Nimetengeneza saa miaka thelathini na moja.
Nimewaambia watu saa ya marehemu baba yao ni bandia.
Sijawahi kuyatafuta maneno kama siku ile.
Nikamwambia, ile ngozi ya kahawia
ilikuwa ikijishona yenyewe miaka mia na zaidi,
na wanunuzi hulipia ngozi.
Ingekuja na weusi wake
ningekupa viatu na sare za wajukuu wawili.
Sasa ni robo, na hiyo robo
ni T inayokutetea. Bila yake
ningekupimia kwa kilo, pamoja na mabomba.

Hakulia. Aliitazama mikono yake,
vidole vilivyoliwa na magadi.
"Kwa hiyo uchafu ndio ulikuwa pesa."
"Si uchafu wote."

Akafungua fundo la pili, safari hii kwa jeuri.
Senti kumi ya Mwingereza, yenye tundu,
nyeusi, kutu ya kijani ikipanda kwenye pembe za ndovu.
"Hii sijaigusa. Ilikuwa ukutani kwa bibi,
imening'inia kwenye msumari."
Nikatafuta herufi. H.
Hizo zilimwagwa kama mtama.
"Hii, mama, haifiki bei ya chapati."
"Na uchafu wake wote?"
"Na uchafu wake wote."

Akacheka
mpaka fundi viatu wa jirani akachungulia.
"Kumbe hata uchafu una ukoo!"

Sikununua. Nisijisifu:
ninamjua mtu Arusha, njia ya Sakina,
asiyetofautisha mng'ao na uzima,
na nilikwisha piga hesabu ya nauli
kabla kicheko chake hakijaisha.
Nikamwonyesha tu namna ya kushika,
kingoni, kwa vidole viwili, usoni usiguse.
Akajaribu. Akaweza mara moja,
kama aliyewahi kumshika kifaranga.

Alizifunga tena, kila moja na fundo lake.
Mlangoni akageuka.
"Nikiiacha, itarudi kuwa nyeusi?"
"Itarudi. Ila haitakuwa ile."
"Baada ya muda gani?"

Ukutani saa tisa zilikuwa zikigonga,
hakuna mbili zilizokubaliana.