Kadi Mbili, Arua

Shemeji Ezati kashuka basi la usiku kutoka Kampala,
kaipakata kadi mpya, kaifunga kitenge cha dada.
Maji ya kunywa hakutaka. "Kwanza tuifungue," akasema,
na mezani, kati ya bisibisi na maganda ya karanga,
nikailaza ubavuni mwa ile yangu ya siku zote.

Ya zamani yaenea kiganjani. Feni moja.
Gigabaiti mbili za kumbukumbu, viini mia sita na arobaini,
wati sitini, wala haidai waya wake:
hula kilichopo kwenye ubao, ikanyamaza.
Miaka tisa imeniunganishia harusi za watu,
na vumbi jekundu la Mvara limekaa kwenye mapezi yake
kama mpangaji asiyelipa, asiyehama.

Mpya yafika kiwikoni. Feni tatu.
Gigabaiti kumi na mbili; viini elfu tatu, mia tano,
themanini na vinne (Ezati alivitaja vyote,
hata vile vinne, kama mtu anayetaja wajomba).
Wati mia na sabini, na waya wa matundu manane.
Bei aliitaja kwa sauti ya chini.

Tukazipa kazi moja, tusimwonee mtu:
video ya siku ya mahari yake mwenyewe,
Ezati mwembamba, kola imemkaba,
na marehemu baba yangu, Adriko, akikagua mbuzi.

Ya zamani: dakika hamsini na moja.
Nilimenya karanga bakuli zima,
nikamjibu mteja, nikamdanganya mwingine,
nikarudi nikakuta asilimia sabini na feni inakoroma.
Mpya: dakika sita.
Chai ilikuwa bado yaunguza ulimi.

Ezati akaniangalia. Sikumpa neno.
Ndipo umeme ukakatika, kama desturi yake,
tukahamia betri ya sola iliyo darini.
Kadi mpya ikavuta pumzi moja,
kigeuzi kikalia pii, pii, chumba kikawa kiza.
Nikairudisha ya zamani kwa kupapasa
na skrini ikawaka, bila shukrani, bila haraka.
"Ng'ombe wa kizungu, shemeji," nikamwambia,
"hula majani ya kizungu."
Akacheka kidogo. Milioni moja na laki nne si mchezo.

Umeme uliporudi, akaniomba dakika moja tu.
Kamera yangu ilinasa picha ishirini na tano kwa sekunde;
hii mpya, akasema, hukisia zile za katikati,
picha ambazo hakuna aliyezipiga.
Akachagua pale baba anapomkataa mbuzi kilema.

Kwenye ile ya zamani mkono uko chini, kisha uko juu.
Katikati, hakuna kitu.
Kwenye mpya mkono ulipanda kama moshi wa asubuhi,
taratibu, na mkunjo wa shati nao ukapanda,
na mdomo ukaanza kicheko
ambacho nilikuwa nimekisahau kinaanzia wapi.
Nikasimamisha.
Nikahesabu vidole.
Vitano.

Baba alikuwa na vinne. Cha mwisho kilibaki
kwenye mashine ya kubana tumbaku kabla sijazaliwa.
Kadi haikujua. Ilikisia mkono wa mtu yeyote,
ikampa, kwa nukta moja, kidole chake.

"Kosa dogo," Ezati akasema. "Linarekebishika."
Sikujua kama nataka lirekebishwe.

Mama alikuwa ameingia na unga mikononi,
hatukumsikia. Alisimama nyuma ya kiti changu
muda mrefu kuliko video yenyewe.
"Rudisha," akasema.
Ipi, mama?
"Ile ya polepole."
Mimi nikashika waya mmoja,
Ezati akashika mwingine.