Mkebe wa Krimu

Ojārs ameniwekea mezani karatasi mbili
na mkebe wa plastiki uliokuwa wa krimu,
udongo wa shamba lake umeujaza hadi ukingoni.
Maabara ya jijini imeandika tano nukta saba.
Mimi, hapa Rēzekne, nilimwandikia nne nukta tisa.
"Shamba ni lile lile," anasema, hajavua kofia.
"Nani kati yenu mwongo?"

Hakuna mwongo, Ojārs. Tumeuliza tofauti.
Wao walitia maji matupu.
Maji hubisha hodi, husimama kizingitini,
huridhika na yeyote anayetoka kusalimia.
Mimi nilitia kloridi ya potasiamu,
nayo haina adabu hiyo:
huingia hadi chumba cha ndani, huinua magodoro,
huwatoa haidrojeni na alumini
waliojibana kwenye kuta za mfinyanzi.

Anatazama nje, theluji ikiyeyuka juu ya boneti ya lori.
Najua hesabu anayoipiga.
Ukweli wa maji ni lori moja la chokaa.
Wangu ni matatu.

Ningeweza kumweleza kwamba maji hufuata majira:
kiangazi kikikauka chumvi hubaki juu, namba hushuka,
mvua za vuli zikisuuza, hupanda tena,
na shamba halijasogea hata unywele.
Ningeweza kukiri pia nilivyosita
mwaka ule nilipokabidhiwa ufunguo,
maana maji ni rahisi,
na mizizi hainywi kloridi ya kwenye chupa.

Badala yake nashusha daftari la Velta.
Mwandiko wake umelalia upande mmoja, kama nyasi zilizopigwa na upepo.
Kipande cha nyuma ya bwawa, mwaka themanini na saba:
Laizāns, Jāzeps. Kloridi ya potasiamu. Tano nukta nane.

"Baba," anasema.

Sasa anavua kofia.
Kidole chake kinatoka kwenye namba ya baba hadi kwenye yake
polepole,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani akihesabu vidato.
Hiyo ndiyo sababu yangu, kama ni sababu:
tuuulize udongo swali lile lile
ulilomjibu mzee alipokuwa hai.

Hataji klova iliyokufa. Hataji chokaa.
Nachunga gramu kumi nyingine, nasuuza elektrodi,
nafuta tone kwa karatasi laini.

Mlangoni anageuka.
"Ule mkebe," anasema.
"Mke wangu huihesabu."