Kina

Wesha, saa tano usiku, kompyuta inachemka.
Kutwa Mkasi ametuma sauti chini, akingoja mwangwi:
pima kumi na mbili, pima arubaini,
kisha sauti ikaenda, haikurudi.

Babu yake alitia bildi ya risasi,
kila pima ni kifua chake kilichokunjuka;
alipokufa, kipimo kikazikwa naye.

Sasa mlinganyo unashona nukta kwa nukta,
unalaza mteremko laini
pale Faki alipopoteza nanga mara tatu.
"Laini mno," anasema. Anafuta.

Washairi husaka kina mwisho wa mstari.
Yeye anacho kimoja, hakina mwenzake:
pengo jeupe kwenye ramani, kusini ya Misali,
na kwa kalamu ya risasi:
hapa bado.