Bila Hodi

Mimi ni karani tu. Kazi yangu kunasa maneno
kabla hayajapoa, katika ukumbi wa kanisa, Kirkby Stephen,
ambapo leo meza ya chai ya akina mama imebeba mafaili
na hita inakoroma pembeni kama paka mwenye mafua.

Upande huu, kampuni: ina namba ya hati,
ramani yenye mstari mwekundu,
wakili aliyefika kwa treni ya alfajiri.
Upande ule, Thirza Armistead, miaka themanini na minane,
buti za mpira, na kondoo ishirini na sita
ambao tangu enzi za babu yake huvuka uwanja kwenda kunywa maji,
uwanja uliotiwa kufuli mwezi wa Machi.

Sheria ya hapa haimfukuzi moja kwa moja asiye na karatasi.
Humwachia mlango, mwembamba, wa miaka ishirini:
awe amepita bila nguvu,
bila siri,
bila ruhusa.

Hilo la tatu nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena.
Bila ruhusa! Nilikolelewa mimi, Takaungu,
hata anayekuja kudai deni hupiga hodi,
akangoja karibu, akavua viatu.
Hapa aliyepiga hodi amekwisha kushindwa:
amekiri kwamba nyumba ina mwenyewe.

Kumbe ndivyo alivyoangushwa baba.
Sheria ya kwetu ilitaka miaka kumi na miwili,
yeye alikuwa na thelathini na mmoja
katika mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake.
Lakini kila msimu alipeleka kikapu kimoja
kwa msimamizi wa mwenye hati,
mtu wa Mombasa ambaye uso wake hatukuwahi kuuona.
Kikapu cha adabu, alisema baba. Jirani hali peke yake.
Mahakamani kikageuka kodi.
Mlipa kodi ni mpangaji, na mpangaji hana dai.
Shahidi wao mkubwa alikuwa kikapu chetu wenyewe.
Mama ndiye aliyekisuka.

"Bibi Armistead," wakili anaanza, sauti ya siagi,
"marehemu Bwana Wharram, mmiliki wa zamani, alikuwa muungwana?"
"Sana."
"Alikuona ukipita?"
"Kila siku, isipokuwa Jumapili ya Pasaka."
"Naye akakukubalia?"

Vidole vyangu vinasimama juu ya herufi.
Sema hapana, bibi. Au usiseme kitu, kohoa.
Watu hawa wa milimani wamelelewa kama sisi,
kwamba kumsifu maiti hakumgharimu mtu.

Anafikiri. Anaikunja leso, anaikunjua.
"Alivua kofia," anasema.
"Kama ishara ya ruhusa?"
"Kwa sababu mimi ni mwanamke, naye alikuwa na kofia."

Ukumbi unacheka. Jaji hacheki;
anaandika mstari mmoja mrefu ambao siwezi kuusoma.
Nami naandika: alivua kofia.
Sikutia chumvi, ingawa kijiko kilikuwa mkononi.
Uamuzi utaletwa na posta, baada ya wiki sita.

Saa ya chakula niliteremka hadi kijitoni.
Lango lina kufuli jipya, stika ya bei haijabanduliwa.
Kando yake, kwenye ukuta wa mawe yasiyo na saruji,
kuna ngazi: mawe matatu yaliyotokeza,
yamelika katikati kama sabuni ya mwisho wa mwezi,
kwa nyayo za watu wasioandikwa popote.

Nikaweka mguu.
Mdomo ulishafunguka wenyewe, mazoea ya umri mzima:
ho—

Nikaufunga. Nikapita.