Mraba Chini ya Kidevu

Bi Mkasi hakuuliza nani alishinda vita.
Aliigeuza picha, akatazama mgongo wake mweupe,
akanirudishia.
"Nyuma yake i wapi?
Darizi isiyo na nyuma ni shahidi wa nusu mdomo."

Nilitoka nayo Chake hadi Wete
imekunjwa ndani ya daftari la masahihisho:
wapanda farasi wa Kinormani, karibu miaka elfu,
uzi wa sufu juu ya kitani,
kofia za chuma zimechongoka kama pia,
upapi umeshuka juu ya pua,
na chini ya kidevu, kifuani,
mraba.

Mraba tu, wenye mistari pembezoni.
Wataalamu wameugombania hata wino ukakauka.
Huyu asema ni bamba, ngao ya pili ya moyo;
yule asema ni ulimi wa deraya unaoning'inia,
wa kuinuliwa ukafunika koo na mdomo
mishale ikianza kumiminika.
Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.
Mimi nilikuwa wa bamba. Nimeshaliandika ubaoni,
Kidato cha Tatu wameshalinakili.

Akavaa miwani yake ya kamba.
Akagusa vifua vyao kimoja kimoja
kama anayehesabu viua vya kofia.
"Huyu ana pete. Huyu ana vijisanduku.
Huyu ana mistari ya kupitana tu.
Mnadhani ni nguo tatu?
Ni mikono mitatu, mwanangu.
Wa pete alikuwa na subira.
Wa mistari kaitwa, chakula kinapoa."

Kisha akauvuta mtandio wake,
akaacha pembe moja ining'inie kifuani.
"Niko nyumbani."
Akaiinua, akaipitisha mdomoni, akaichomeka juu ya sikio.
"Natoka, kuna vumbi."
Yakabaki macho na pua,
na kwenye baraza ya saruji, nyuma ya soko,
nikamwona shujaa wa Kinormani
wa miaka sabini na mbili.

"Lakini hapa wanauana, Bi Mkasi,
na mraba bado uko chini."

Akanyamaza. Akachomoa sindano kwenye kanga, akairudisha.
"Basi labda ni bamba.
Au aliyeshona alikuwa na mtu wake mle ndani,
hakutaka kumziba uso."

Akaingia chumbani, akakawia,
akatoka na kofia kongwe ya kaka yake, Makame.
Viua vimejipanga safu kwa safu, vidogo kama punje za mtama,
halafu, ubavuni, pengo.
Nafasi ya viua vinne. Bafta tupu.

"Nilikuwa hapa, wakaja kugonga:
Makame kaanguka mkarafuuni.
Nikaitupa kazi, nikakimbia.
Akapona, na mguu wake mbovu, akaitaka kofia.
Nikamwambia, haijesha. Akasema, nipe hivyo hivyo.
Miaka ishirini kaivaa Ijumaa kwa Ijumaa.
Sasa vijana wa Mtambwe huniletea vitambaa:
Bibi, tutilie lile pengo lako.
Na huongeza pesa!
Mmoja akanifafanulia maana yake,
mlango, sijui, wa kupitia baraka."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamsikiliza mpaka mwisho. Alisema vizuri."

Jumatatu nilifuta ubao kabla ya kengele.
Nikachora upya: kofia, upapi, shingo,
mraba.
Bikombo wa dawati la mbele akanyoosha mkono,
"Mwalimu, tuandike ni nini?"
Chaki ilikuwa fupi, inanikwaruza kucha.
Nikaandika *pengine*, nikaacha nafasi.

Jioni simu ikalia, mjukuu wake:
"Bibi anasema umsikie.
Yule farasi mwenye miguu ya buluu
msimgombanie.
Uzi wa kahawia ulimwishia mtu."