Kiti cha Bluu

Kiti kilirushwa mara moja.
Nilikuwepo. Uwanja wa Mashujaa, saa tisa na robo,
kiti cha plastiki, cha bluu, cha kukodi,
kikapaa kidogo, kama kuku,
kikatua kwenye nyasi bila kumgusa mtu.
Mwenye viti, Macha wa Pasua, akakiokota,
akakifuta vumbi kwa kofia yake,
akakirudisha kwenye safu.
Yakaisha.

Usiku, kwenye taarifa yetu ya saa mbili,
kiti kilekile kilirushwa mara kumi na moja.
Kwa mwendo wake, kisha kwa mwendo wa kinyonga,
kutoka kulia, kutoka kushoto
(nilikigeuza mimi),
na mara ya saba nikakitilia mlio wa ngoma.
Chini, kwa herufi nyekundu: MOSHI YACHAFUKA.

Mimi ndiye mkasi.
Chumba changu kiko juu ya duka la mbegu,
dirisha moja, linatazama Kibo.
Mlima nao una siasa zake:
alfajiri uko wazi, saa nne umeshajifunika,
na anayechelewa kuamka
anaapa kwamba haupo.

Bosi wetu, Lyatuu, si mtu mbaya.
Karatasi ya watazamaji inamjia kila Jumanne,
naye huisoma kama mgonjwa anayesoma cheti.
"Watu hawali wali mkavu, Aikaeli," huniambia.
"Weka mchuzi."

Chama kinacholipia tangazo kabla ya saa mbili:
kamera ishuke usawa wa magoti,
watu hamsini wawe msitu.
Chama kingine: panda ukutani,
tafuta kona yenye nyasi tupu,
na mbwa akikatiza, usimkate mbwa.
Haijaandikwa popote.
Naijua kama Baba Yetu.

Sasa, mkutano ule
mama yangu mkubwa alisimama.
Kitenge cha kipaimara, kandambili za sokoni.
Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, kama bakuli la mtori:
"Naitwa Anasia, wa Msaranga.
Bomba letu limekauka tangu Kwaresima.
Bili haijakauka.
Naomba kuuliza, baba,
tunalipia upepo?"

Watu wakacheka. Kisha hawakucheka.
Mgombea, yule wa magotini, yule wa msitu,
akafungua chupa ya maji,
akanywa,
akafunga.

Sekunde arobaini na mbili.
Nilizipima.
Kiti kilihitaji nafasi.

Nasikia aliita majirani.
Alivaa kitenge kilekile, akakaa mbele,
watoto akawanyamazisha kwa kidole.
Alingoja kiti kirushwe mpaka kikachoka,
akangoja michezo, akangoja mvua za kesho,
akangoja mpaka msomaji akakusanya karatasi zake
akatutakia usiku mwema.

Simu ikalia.
"Mwanangu. Hivi mimi niliuliza, au niliota?"
"Uliuliza, mama. Muda ndio haukutosha."
"Ahaa."
Nikasikia kijiko kikigusa sufuria.
"Na kile kiti cha Macha, kimevunjika?"
"Hakikuvunjika."
"Afadhali. Maana kilivyorushwa!"

Jumanne karatasi ikaja, imepanda.
Lyatuu akatununulia nyama choma na ndizi,
akanishika bega mbele ya wote.
Nilikula. Siwadanganyi, nilikula na mfupa nikaufyonza.

Lakini kile kipande sikukifuta.
Kimelala ndani ya kompyuta, kwenye faili la harusi za zamani,
mahali ambapo hakuna anayepekua.
Wenzangu wakiondoka nakicheza.
Nafika pale anapofunga chupa,
nasimamisha.

Kifuniko hakijakaza.
Kuna tone moja limening'inia shingoni mwa chupa,
na nyuma yake, kadogo, hakaonekani vizuri,
kitenge cha mama,
bado kimesimama.