Dereva wa Njia ya Nane

Tangu alfajiri Viorica ameshika usukani,
theluji imeganda kwenye nyaya za Kishinau,
na kila kituo anajiambia: bado kidogo.
Mkojo hauna ratiba. Kampuni inayo.

Mama mkwe: "Ulikalia jiwe baridi."
Raisa wa duka la dawa, bila kuinua macho,
akamuuzia krimu ya fangasi.
Lakini hakuwashwa,
wala hakuona uchafu mzito kama mtindi;
ni moto tu, matone matatu, moto,
kisha haja ileile kabla hajafunga zipu.

Siku ya nne, homa.
Daktari akagonga ubavu. "Hapa?"
Hakujibu; aliruka.
Kikombe cha plastiki. Kijiti kikageuka zambarau.
"Jiwe halina kosa. Ni bakteria, wamepanda hadi kwenye figo.
Vidonge siku saba. Ukipata nafuu siku ya tatu, endelea kumeza.
Maji, mengi. Na ukibanwa, nenda."

"Niende wapi?"

Daktari akaandika, akafuta.

Leo, kituo cha sita, anavuta breki.
Abiria wanatazama saa zao.
Anavuka barabara, hakimbii,
kwa muuza maua
mwenye ufunguo wa choo.